Mocassin: kiatu, nyoka au ua? Neno moja linalowatega wafasiri

MFANYABIASHARA wa Bujumbura akiagiza "mbuzi kumi" kutoka Tanga, muuzaji ana haki ya kuuliza kwanza: mbuzi wa kuchinja au mbuzi za kukunia nazi? Kiswahili kina neno moja kwa vitu hivyo viwili, lakini mara nyingi sentensi yenyewe humaliza ubishi. Mbuzi amekula majani. Huyo ana miguu minne. Mbuzi imeisha makali. Hiyo inahitaji fundi wa kuinoa.

Lugha nyingine nazo zina maneno ya namna hiyo, na baadhi yake yana mtego mkubwa zaidi kwa sababu yamesafiri mbali kabla ya kufika Afrika Mashariki. Mojawapo ni neno ambalo Wafaransa huandika mocassin, kwa c moja na s mbili, na Waingereza huandika moccasin, kwa c mbili na s moja. Kwa vijana wa Dar es Salaam na Kinshasa, ni kiatu cha kutumbukiza mguu, kisicho na kamba. Kwa mvuvi wa Louisiana, Marekani, ni nyoka mwenye sumu. Kwa mtembeaji wa misitu ya mashariki mwa Canada, neno la Kiingereza humpeleka hadi kwenye ua.

Jambo hilo si la wapenda kamusi peke yao. Kifaransa ni lugha rasmi katika nchi tatu wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, iliyojiunga mwaka 2022. Mwezi Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kifaransa kiingie katika lugha rasmi za Jumuiya, pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Maana yake ni kwamba karatasi za forodha, matangazo ya afya na vitabu vya shule vitazidi kupita kutoka lugha moja hadi nyingine, na kila mahali vitakutana na maneno ya aina hii.

Neno la watu walionyamazishwa

Mocassin si neno la Kifaransa wala la Kiingereza kwa asili. Lilitoka kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini wanaozungumza lugha za jamii ya Algonquian, ambazo zilienea kutoka pwani ya Atlantiki hadi kwenye nyanda za katikati ya bara. Waojibwe wa eneo la Maziwa Makuu ya huko husema makizin, na Wacree wa Canada husema maskisin. Yote mawili yana maana ya kiatu.

Waingereza walilisikia mapema sana. Mwaka 1607 walianzisha makazi ya Jamestown, Virginia, katika nchi ya Wapowhatan, watu wa binti maarufu Pocahontas. Nahodha John Smith, mmoja wa viongozi wa makazi hayo, alichapisha mwaka 1612 kitabu kuhusu Virginia chenye orodha fupi ya maneno ya wenyeji. Miongoni mwa maneno hayo alilitaja neno hilo na kulitafsiri kwa urahisi kabisa: viatu.

Lugha ya Wapowhatan haikudumu. Vita, magonjwa na kunyang'anywa ardhi viliwapunguza wasemaji wake, hadi wazao wao wakabaki wakizungumza Kiingereza. Kinachojulikana leo kuhusu lugha hiyo kinategemea zaidi orodha za Waingereza wachache wa miaka ile. Lugha ilikufa, lakini neno lake la viatu likaendelea kutembea katika midomo ya wageni.

Wafaransa, waliokuwa wakifanya biashara ya manyoya na wenyeji wa Canada, nao walilichukua neno hilo kutoka jamii hiyo hiyo ya lugha na kulipa tahajia ya kwao. Kisha wote wawili walifanya jambo ambalo wakoloni walilifanya pia barani Afrika: walichukua neno la watu fulani na kulibandika kwa watu wote. Walakota wa nyanda za kati wana neno lao, hanpa. Wanavajo wa kusini-magharibi husema ké. Kwa Mfaransa na Mwingereza, vyote vikawa mocassin.

Kiatu chenyewe

Maana ya kwanza, basi, ni kiatu cha ngozi laini cha wenyeji wa Amerika. Kwa Kifaransa ni mocassin, na mtu akitaka kuondoa shaka huandika mocassin amérindien.

Tofauti yake na viatu vingine iko katika ushonaji. Kiatu cha kawaida cha ngozi huanza na soli, kisha sehemu ya juu hushonewa au kugundishwa juu yake. Katika mokasini ya asili ya misituni, ngozi hupita chini ya mguu, hupanda pembeni na kukutana juu. Pengo linalobaki juu ya vidole hufunikwa kwa kipande kingine cha ngozi, na hapo ndipo unapoonekana mshono wenye mikunjo midogo midogo, alama ambayo hata viwanda vya leo huiiga.

Si kila mokasini ilishonwa hivyo. Watu wa misitu ya mashariki, waliotembea juu ya majani na udongo laini, walitengeneza viatu visivyo na soli ngumu. Watu wa nyanda za kati, ambako ardhi ina mawe na miiba, waliweka chini kipande kinene cha ngozi mbichi iliyokaushwa. Mtu mzoefu aliweza kukitazama kiatu, mkato wake na mapambo yake, akatambua mvaaji ametoka taifa gani.

Ngozi ilikuwa ya kulungu, ya nyati wa Amerika au ya wanyama wengine wa eneo husika. Njia moja iliyoenea ya kuilainisha ilikuwa kuipaka ubongo wa mnyama, kuinyoosha hadi ilegee, kisha kuifukiza moshi ili ikilowa na kukauka isikakamae. Mapambo yalikuwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi. Baada ya Wazungu kufika, shanga za kioo zilishika nafasi kubwa. Nyingi zilitoka Venice, Italia, mji ule ule uliopeleka shanga zilizobebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ya Waswahili hadi Ujiji na kwingineko bara.

Viatu hivyo vimewasaidia pia watafiti wa historia. Katika mapango ya Promontory, jimbo la Utah, mwanaakiolojia Julian Steward alichimba mwanzoni mwa miaka ya 1930 akakuta mamia ya mokasini zilizohifadhiwa na ukavu wa mapango hayo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa ni za karne ya 13, na nyingi ni za watoto. Mkato wake unafanana na wa watu wa kaskazini ya mbali, Canada, na umekuwa ushahidi muhimu kuhusu safari ndefu ya mababu wa Waapache na Wanavajo kuelekea kusini.

Kwa wazao wa watu hao, mokasini haikuwa vazi tu. Mwaka 1879 serikali ya Marekani ilifungua shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, iliyokusudia kuwafuta watoto wa wenyeji mila zao. Walipofika walikatwa nywele, wakavuliwa nguo za kwao na kuvalishwa sare na viatu vigumu vya kizungu. Lugha zao zilipigwa marufuku. Carlisle ilifungwa mwaka 1918, lakini shule za mtindo huo ziliendelea kwa miongo mingi, Marekani na Canada.

Ndiyo maana msanii Christi Belcourt wa Canada, kutoka jamii ya Métis, alipotaka kuwakumbuka wanawake na wasichana wa jamii za wenyeji waliouawa au kupotea, alichagua kiatu hicho. Mwaka 2012 aliomba watu wamtumie jozi 600 za sehemu ya juu ya mokasini, ile inayopambwa kwa shanga, ambayo kwa Kifaransa huitwa empeigne. Zilifika zaidi ya jozi 1,700. Maonyesho hayo yalizunguka Canada hadi mwaka 2019. Viatu havikukamilishwa kwa makusudi, kwa kuwa maisha ya wanaokumbukwa nayo yalikatishwa.

Kutoka Limoges hadi Kinshasa

Maana ya pili ndiyo iliyozoeleka zaidi katika miji ya Afrika Mashariki na Kati: kiatu cha mjini cha kuingiza mguu bila kufunga kamba. Kwa Kifaransa ni mocassin vilevile. Wauza viatu wa Dar es Salaam humwita kwa kifupi "moka", wakakitenga na raba na sendo.

Hapa Kiingereza na Kifaransa huachana njia. Waingereza na Wamarekani wana neno jingine kwa kiatu hiki, loafer, ambalo pia lina maana ya mtu mzururaji asiye na kazi. Mfaransa hana haja ya neno la pili. Kiatu cha asili cha wenyeji na kiatu cha afisa wa benki vyote ni mocassin. Kwa hiyo anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa hukutana na maneno mawili yanayoingia katika kapu moja. Anayefasiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili hukutana na neno moja linalotaka kugawanywa mara mbili.

Historia ya kiatu hicho ina vituo kadhaa. Katika kijiji cha Aurland, Norway, fundi Nils Gregoriusson Tveranger alibuni kiatu cha kutumbukiza kilichopata umaarufu katika miaka ya 1930. Mwaka 1936 kampuni ya G.H. Bass ya Marekani ilitoa kiatu cha mtindo huo na kukiita Weejuns, jina lililotokana na neno la Kiingereza kwa watu wa Norway. Ufaransa, kampuni ya J.M. Weston, iliyoanzia Limoges mwaka 1891, ilitoa mwaka 1946 mokasini inayojulikana kwa namba yake, 180. Katika miaka ya 1960 vijana wa Paris waliivaa kama alama ya kutofuata amri za wazee.

Kisha kiatu hicho kikaingia katika historia ya Congo. Wapenda mavazi wa Brazzaville na Kinshasa, wanaojulikana kama sapeurs, waliifanya Weston kuwa miongoni mwa viatu vya heshima ya juu kabisa. Jina lao linatokana na SAPE, kifupi cha maneno ya Kifaransa Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes, yaani jumuiya ya watu wa raha na umaridadi. Kinshasa, mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki Abidjan mwezi Aprili 2016, ndiye aliyelibeba jina la Sape hadi likajulikana duniani.

Umaridadi huo haukuwa mchezo mtupu. Chini ya utawala wa Mobutu Sese Seko, wanaume wa Zaire walihimizwa kuacha suti na tai na kuvaa abacost, vazi ambalo jina lake lenyewe linatokana na maneno ya Kifaransa à bas le costume, yaani suti na iangushwe. Katika mazingira hayo kijana aliyepita barabarani na suti ya Paris na mokasini zinazong'aa alikuwa anasema jambo bila kufungua mdomo.

Hivyo, mtu akisoma habari ya Kinshasa kwa Kifaransa akakuta ses mocassins, asifikirie manyoya ya tai na mahema ya ngozi. Ni moka. Akisoma habari ya Walakota kwa Kifaransa akakuta neno hilo hilo, asiandike moka. Msomaji wake atadhani chifu wa karne ya 19 alinunua viatu dukani.

Jambo hilo linahusu pia msemo unaosambaa sana mitandaoni, unaomtaka mtu asimhukumu mwenzake kabla ya kutembea katika mokasini zake. Husemwa ni methali ya kale ya wenyeji wa Amerika, lakini wazo hilo lilipata umaarufu kwa Kiingereza kupitia shairi la Mmarekani Mary T. Lathrap la mwaka 1895. Kwa Kiingereza mtu hutembea maili moja. Kwa Kifaransa hutembea deux lunes, yaani miezi miwili. Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kuhesabu maili wala miezi. Waswahili wana lao: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nyoka asiyevaa kiatu

Maana ya tatu ndiyo yenye hatari. Katika vinamasi, mito na maziwa ya kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Virginia hadi Florida na Texas, anaishi nyoka ambaye wataalamu humwita Agkistrodon piscivorus. Wamarekani humwita moccasin wa majini, na kwa Kifaransa ni mocassin d'eau. Akitishwa hufungua kinywa chake na kuonyesha weupe wa ndani, mweupe kama pamba, na kutokana na weupe huo amepata jina jingine la Kiingereza lenye maana ya kinywa cha pamba.

Ndugu yake wa nchi kavu, Agkistrodon contortrix, ana kichwa cha rangi ya shaba. Kwa Kifaransa ni mocassin à tête cuivrée, na anayefasiri kwa pupa anaweza kuleta "mokasini zenye kichwa cha shaba", maneno ambayo msomaji atayachukua kuwa tangazo la viatu vyenye bakoli mbele.

Nyoka hao ni wa kundi la vipiri wenye vishimo viwili kati ya macho na pua, ambavyo huhisi joto la mwili wa windo hata gizani. Sumu yao huharibu nyama na mishipa ya damu mahali walipouma. Hawapatikani Afrika, kundi lao zima halina nyoka hata mmoja katika bara hili. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hapaswi kumwita kifutu, hata kama kifutu naye ni kipiri mnene mwenye sumu inayoharibu nyama. Ni wanyama wawili tofauti, na dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa kufuata aina ya nyoka.

Hapo ndipo jina linapogusa uhai wa mtu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Linakadiria kuwa kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengine wengi zaidi hubaki na ulemavu. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini katika Afrika na Asia, na muuguzi huanza kwa kuuliza: nyoka alikuwaje?

Afrika Mashariki ina mtego wake unaofanana na mocassin, nao ni neno mamba. Kwa Kiswahili, mamba ni mnyama wa mtoni mwenye magamba, ambaye kwa Kifaransa huitwa crocodile. Kwa Kifaransa na Kiingereza, mamba ni nyoka. Walilipata neno hilo kutoka Kizulu, imamba. Yule anayeitwa mamba noir katika vitabu vya Kifaransa, Watanzania wengi humwita koboko. Tangazo la afya la Kifaransa likifasiriwa neno kwa neno, msomaji wa Mwanza ataambiwa ajihadhari na mamba mweusi, naye atakaa mbali na ziwa huku nyoka akiwa kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yake.

Hata koboko lina mpaka wake. Ukilitaja jina hilo upande wa Uganda bila kutanguliza neno nyoka, msikilizaji anaweza kufikiria wilaya ya Koboko, iliyo karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Congo. Njia salama kwa maandishi ya afya ni kuandika jina la Kiswahili, kuongeza neno nyoka, kuweka jina la kisayansi, na inapowezekana kuweka picha.

Ua linalobadili kiatu

Maana ya nne ni ya upole zaidi. Katika misitu ya mashariki mwa Canada na Marekani huota okidi inayoitwa kisayansi Cypripedium acaule. Ua lake ni la waridi na lina mfuko uliovimba mbele, mfano wa kiatu kidogo. Jina moja la Kiingereza la okidi hiyo ni ua la mokasini. Ndiyo nembo ya jimbo la Prince Edward Island, Canada, na tangu mwaka 1991 ndiyo ua la porini la jimbo la New Hampshire, Marekani.

Kwa Kifaransa neno mocassin halionekani kabisa. Wafaransa wa Canada huita okidi hiyo cypripède acaule au sabot de la Vierge. Okidi ndugu yake wa Ulaya, Cypripedium calceolus, ni sabot de Vénus. Ua ni lile lile la kiatu, lakini kiatu kimebadilika: wenyeji wa Amerika wametoka, ameingia Bikira Maria au Venus wa Waroma, na ngozi laini imegeuka kuwa sabot, kiatu cha mbao cha wakulima wa Ulaya.

Na sabot nalo lina mtego. Kwa Kifaransa ni kiatu cha mbao, lakini pia ni kwato la farasi au ng'ombe, na tena ni chuma kinachofungwa kwenye gurudumu la gari lililoegeshwa vibaya. Mfasiri anayekimbilia maana ya kwanza katika kamusi anaweza kumpa Bikira Maria kwato. Kosa la namna hiyo likichapishwa katika kitabu cha mimea cha shule, halitasahaulika upesi.

Okidi hiyo yenyewe si ya kuchezea. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu maalumu wa udongoni. Huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza, na ikihamishwa porini kupelekwa bustanini kwa kawaida hufa. Okidi zote duniani ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Wafaransa wana mtego mwingine katika jina la watu, na unahusiana na viatu hivi. Taifa la Siksika, la nyanda za Canada na Marekani, jina lake lina maana ya mguu mweusi, na wengi hulieleza kwa weusi wa mokasini zao. Kwa Kifaransa huitwa Pieds-Noirs. Lakini Pieds-Noirs ni jina pia la Wazungu walioishi Algeria wakati wa ukoloni, ambao mamia ya maelfu yao waliondoka nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1962. Anayefasiri historia asipotazama ni bara gani linalozungumzwa, atawachanganya walionyang'anywa ardhi na walioishi juu ya ardhi ya wengine.

Forodha haidanganyiki

Kuna ofisi moja ambayo imeshapata dawa ya tatizo hili: forodha. Orodha ya kimataifa ya bidhaa, inayotumiwa pia na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, haitegemei jina bali namba. Wanyama hai wako Sura ya 1. Mimea hai na maua yako Sura ya 6. Viatu viko Sura ya 64. Kontena likitoka Matadi au Mombasa limeandikwa mocassins, namba iliyo kando ya neno hilo ndiyo inayosema kama afisa atakuta ngozi iliyoshonwa au ngozi yenye meno.

Lakini mtu hazungumzi kwa namba. Magazeti, hospitali, mahakama na shule zinahitaji maneno, na hapo Kiswahili kina msaada ambao Kifaransa na Kiingereza hazina. Mfaransa anaweza kuandika le mocassin est dangereux, na sentensi ikakamilika bila kusema kama ni nyoka mwenye sumu au kiatu chenye soli ya kuteleza. Kifaransa humtambua tu kama neno la jinsia ya kiume, kiatu na nyoka kwa pamoja.

Kiswahili hakimruhusu mwandishi apite bila kuamua. Mokasini huyu ni hatari, au mokasini hii ni hatari? Ameuma, au imebana? Akifa, au ikichanika? Ili aweke kiambishi sahihi, mfasiri lazima kwanza ajue anazungumzia kiumbe au kitu. Akisitasita kati ya "huyu" na "hii", hiyo ni dalili kwamba hajaielewa habari anayoifasiri, na arudi kuisoma upya kabla ya kuandika.

Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa polisemia na homonimu, kisha hupewa mifano ya kaa, paa na mbuzi. Mifano hiyo ni mizuri, ila imebaki ndani ya lugha moja. Katika Jumuiya yenye nchi nane wanachama na lugha tatu rasmi, mwanafunzi wa Kigoma anahitaji kujua pia kwamba mamba wake si mamba wa mwenzake wa Uvira anayesoma kwa Kifaransa, ingawa nyumba zao ziko kando ya Ziwa Tanganyika lile lile.

Kwa neno mocassin, mgawanyo unaweza kuwa rahisi. Kiatu cha asili cha wenyeji wa Amerika kiitwe mokasini, kwa heshima ya waliolitoa neno. Kiatu cha dukani kibaki moka, kwa kuwa watu wameshalikubali. Nyoka aandikwe nyoka mokasini, na jina lake la kisayansi lifuate. Ua liitwe okidi, na aina yake itajwe. Kifaransa kwa hayo yote ni mocassin, mocassin, mocassin d'eau, na sabot de la Vierge. Atakayeyaweka maneno hayo manne katika safu moja ya kamusi bila maelezo, atakuwa amempa mfasiri atakayemfuata kazi ya kubahatisha.